Mkono Kwanza, Vidonge Baadaye

Juzi binti wa jirani yangu hapa Makanyagio, Mpanda mjini, alikuja na simu mkononi. Anasoma uuguzi, yuko likizo. Hata kiti hakukitaka. "Bibi Leokadia, eti ni kweli vidonge vya majira, hivi vya kupanga uzazi, vinaleta ugonjwa wa moyo? Huku mtandaoni watu wanatukanana."

Nikamwambia akae, kwa sababu jibu lake ni refu. Wanaosema "ndiyo" wana ukweli kidogo, wanaosema "hapana" nao wana ukweli kidogo, na mimi katika kazi yangu nimemwona mwanamke mmoja aliyekaribia kufa katikati ya majibu hayo mawili. Nilimsimulia. Baadaye nikaona nyie wengine mnaoanza kazi hii, na nyie mabinti mnaovimeza, mnafaa kusikia pia. Basi sogeeni.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe. Nimefanya uuguzi na ukunga mpaka nikastaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa kwenye chumba cha uzazi wa mpango, sehemu moja na nyingine ya mkoa huu wetu wa Katavi. Nimepanga na kupangua uzazi wa watu wengi. Wengine nikikutana nao sokoni wananikwepa, wanaogopa nitasalimia kwa kuuliza kitanzi kinaendeleaje. Sijawahi kufanya hivyo. Siri ya mgonjwa nimeiheshimu, na hata hawa nitakaowataja hapa nimewabadilisha majina.

Aliyenifundisha kazi alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati yangu ya kwanza, tulimwita Mama Sabina. Mnene, mpole wa sauti, mkali wa macho. Wakati huo kipimo cha presha kilikuwa lile sanduku la zebaki, zito kama jiwe la kusagia. Unafunga mkanda kwenye mkono wa mgonjwa, unaminya mpira, unaachia pole pole huku umeziba masikio kwa kile kipimo cha kusikilizia, unatafuta mlio wa kwanza na wa mwisho. Nyie sasa mashine inajifunga yenyewe, inanguruma kidogo, inawapa namba. Vizuri sana. Lakini mashine haijui kama mtu ameshuka kwenye bodaboda sasa hivi.

Mama Sabina alikuwa na sheria yake: mwanamke akija kutaka vidonge, hata kama amekuja mara ngapi, unaomba mkono wake kwanza. Vidonge baadaye. Siku moja mwanafunzi mwenzangu alitoka chumbani mbio, anasema kuna dada ana presha ya kutisha. Mama Sabina akaingia, akamtazama yule dada aliyekaa amekunja miguu, amekaza uso.

"Umetoka mbali, mwanangu?"

"Nimetembea tangu asubuhi, mama."

"Na haja ndogo?"

Dada akaangalia chini, akacheka kwa aibu. Akaonyeshwa choo. Aliporudi akapumzishwa, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, sweta limevuliwa. Presha nzuri kabisa.

"Ile haikuwa presha," Mama Sabina akatuambia, "ile ilikuwa safari ya chooni iliyocheleweshwa. Mngemwanzishia dawa za maisha kwa ajili ya mkojo."

Tulicheka, lakini kuanzia siku ile sikuwahi kupima mtu anayehema. Mpumzishe, pima, rudia. Ikiwa juu mara zote, hapo sasa usicheke.

Na msiishie kwenye mkono, ulizeni maswali. Kwenye chumba kile utasikia mambo ambayo hakuna kitabu kimeyaandika. Mama mmoja, mke wa mrina asali wa upande wa Ugalla, alikuja analalamika mume wake hapati choo vizuri tangu waanze uzazi wa mpango. Nikashangaa. Mume kaingiaje? Akatoa pakiti yake kwenye kitenge. Mnaijua ile pakiti: vidonge vyeupe vingi, halafu mstari wa mwisho vya kahawia. Vya kahawia ni madini ya chuma tu, vya kuongeza damu.

"Vyeupe ni vyangu," akanieleza, ametulia kabisa. "Vya kahawia ni vya baba."

"Nani alikwambia ni vya baba?"

"Si rangi mbili? Na watu ni wawili."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya natafuta kalamu, nikacheka mpaka machozi. Niliporudi nikamweleza taratibu. Kumbe nesi aliyempa pakiti ile hakuwa amemwambia chochote zaidi ya "meza kimoja kimoja". Ndiyo maana nawaambia ulizeni, na mkishaeleza mwambieni mgonjwa awarudishie maelezo kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo ndipo utajua kama ameelewa au ameitikia tu ili aondoke.

Sasa nifike kwa Generoza.

Nilikuwa nimehamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Mishamo. Watu wa kule wengi asili yao ni Burundi, wachapakazi kweli kweli. Mahindi, maharage, mihogo, na wengine tumbaku. Generoza alikuwa mama wa watoto wanne, amekaribia arobaini, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kuchambua tumbaku iliyotoka kwenye mabani ya kukaushia, kutenganisha majani mazuri na mabovu. Mume wake aliitwa Filbert, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri.

Siku hiyo alikuja asubuhi amebebwa na Filbert kwenye pikipiki ya kuazima. Alikuwa amezoea kununua vidonge vya majira kwenye duka la dawa. Vimemwishia, dukani hakuna, ndiyo wakaja kwetu.

"Mama nesi, nipe pakiti tatu tu niwahi," akasema. "Kuna mzigo unanisubiri."

"Karibu kiti. Nipe mkono kwanza."

"Dukani hawaniombi mkono."

"Hapa tunaomba."

Akakaa, amenuna. Nilimpumzisha vya kutosha, nikapima. Namba ya juu ilipita mia moja na sabini, ya chini mia moja na kumi. Nikamwomba ajisaidie, apumzike tena. Nikapima mkono wa pili. Vile vile. Nikamwuliza kama anajua ana presha ya kupanda. Akasema hajawahi kuumwa, anaumwa na nani na kazi ziko nyingi hivyo.

Nilitaka kumuuliza habari za sigara. Na hapa nawapa ujuzi wa bure: mwanamke hatakwambia anavuta mbele ya mume wake, wala usitegemee pua. Generoza alinukia tumbaku kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye ndala, lakini kila mtu aliyefanya kazi ile alinukia hivyo, hata ambaye hajawahi kugusa msokoto. Nikamwambia Filbert, "Shemeji, hebu tuchotee maji pale bombani, ndoo yetu imekauka." Akachukua ndoo, akatoka anapiga mluzi.

"Mama," nikamwambia Generoza, "sasa tuko sisi wawili. Unavuta?"

Akatazama mlangoni. Halafu akasema, "Nasokota. Tangu nianze kazi ya kuchambua. Inaondoa njaa na usingizi. Filbert hajui."

"Mara nyingi?"

"Mikono yangu iko ndani ya tumbaku siku nzima, mama nesi. Unafikiri ni mara chache?"

Nikamwuliza kama kifua kinambana. Akanitazama kana kwamba nimemchungulia dirishani kwake. Akasema ndiyo, akipandisha kile kilima na mzigo kichwani, kifua kinabana kama mtu amemfunga kamba, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, akikaa chini yanaisha. Alidhani ni mizigo.

Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza bila kuficha. Vidonge vile anavyomeza vina homoni za aina mbili, na moja kati ya hizo inaweza kupandisha presha na kufanya damu igande kwa urahisi kuliko kawaida. Kwa mwanamke kijana, mzima, asiyevuta, hilo ni jambo dogo. Lakini yeye amepita miaka thelathini na tano, anavuta, presha iko juu, na kifua kinambana. Kumpa vidonge vile kungekuwa kumuongezea mzigo mtu ambaye tayari anapandisha kilima. Nikamwambia sitampa, na kwamba leo hii lazima aende hospitali ya mkoa Mpanda.

Generoza alisimama. Alikasirika kwa namna ambayo sikuitegemea.

"Unajua mtoto wangu wa mwisho nilimzaaje? Nilipata kifafa cha mimba. Niliamka nikakuta wameshanililia. Daktari akaniambia nikibeba mimba nyingine nitawaacha watoto. Hivi vidonge ndivyo vinavyoniweka hai! Na wewe unaninyang'anya!"

Sikilizeni hapo, wanangu. Wengi wenu mngemwona mkaidi. Lakini alikuwa na haki kabisa. Mimba kwake ilikuwa hatari kubwa kuliko hata vidonge. Kama ningemwambia "acha" nikaishia hapo, ningekuwa nimemtoa kwenye shimo moja nikamsukumia kwenye shimo refu zaidi.

"Sikunyang'anyi kinga, Generoza," nikamwambia. "Nakubadilishia. Kuna kitanzi cha shaba. Hakina homoni hata moja. Hakigusi presha wala damu, na kinazuia mimba kwa miaka mingi."

"Kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo. Watu wote wanajua."

"Kitapita njia gani? Hakuna njia."

Hakunisikia. Alichukua kitenge chake akatoka. Filbert alikuwa anarudi na ndoo, akamwona mkewe anapita kwa hasira, akaweka ndoo chini aulize kuna nini. Nikatoka nyuma ya Generoza, kwa sababu sikupenda rangi ya uso wake. Alifika kwenye geti akashika nguzo. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji, na mkono wake wa kulia ameubana kifuani.

"Filbert," akaita, sauti ndogo sana. "Njoo unishike."

Tulimbeba mpaka kitandani. Nikampa aspirini aitafune, nikamwinua mgongo, nikamwambia dereva wa gari la wagonjwa awashe. Tabibu wetu akapiga simu hospitali kueleza tunakuja na mtu wa namna gani. Na hapo nawasisitiza: mwanamke akiwa na kifua kinachobana, jasho, pumzi inakata, msiseme ni vidonda vya tumbo au mawazo kwa kuwa tu ni mwanamke. Moyo wa mwanamke unaziba kama wa mwanamume.

Barabara ya kule wakati huo ilikuwa mashimo matupu. Nilikaa nyuma naye, nimeshika mkono wake, napima mapigo. Filbert alikuwa upande wa pili. Mtu yule wa maneno mengi alikuwa ameshika miguu ya mkewe isigonge chuma. Halafu akaniuliza, "Mama, atakufa?"

"Hatafika Mpanda amekufa," nikamjibu. Nilisema kwa sauti ya kujiamini, na ilikuwa kazi yangu kusema hivyo. Mwenyewe sikuwa na uhakika.

Generoza alifungua macho. "Mwambie," akaniambia. "Mwambie navuta, mama nesi. Nisiende na uongo."

Filbert alimtazama. Nilingoja alipuke. Akasema, "Mimi nalala na wewe kitanda kimoja miaka yote hiyo. Unafikiri sina pua? Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe." Akaanza kulia, mtu mzima, huku gari linaturusha huku na huku.

Tulifika akiwa hai. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mwepesi, mwenye adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho kabla hajagusa kitu. Wakamfunga zile nyaya za kupima umeme wa moyo, na karatasi ikaonyesha alichohofia: donge la damu lilikuwa limeziba mshipa mmoja unaolisha moyo. Kwa bahati ulikuwa mshipa mdogo. Walimpa dawa, wakamlaza, wakashusha presha yake taratibu. Daktari alikaa na Filbert akamweleza kwamba sigara na presha ndizo zilizobeba lawama kubwa, na vidonge vya homoni vikaja vikaongezea juu yake. Vitu hivyo viliungana.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, Generoza mwenyewe aliomba kitanzi. Alimwuliza daktari kama kinapanda moyoni. Daktari akamchorea kwenye karatasi mfuko wa uzazi, akamchorea na moyo, akamuachia kalamu, akamwambia achore njia. Generoza aliishika ile kalamu kwa muda, akaiangalia karatasi, akamrudishia. "Basi niweke," akasema.

Mngefikiri hadithi imekwisha. Kwangu mimi kazi ngumu ndiyo ilianza.

Habari zilitutangulia kurudi. Kijijini wakasema vidonge vya majira vimempasua Generoza moyo. Wakasema mimi mwenyewe nilimpa kimoja getini akaanguka. Waliokuwa wanavitumia wakavitupa chooni. Wengine wakaja kutolewa vijiti vya kuzuia mimba mkononi, ingawa vijiti ni kitu kingine kabisa. Chumba changu kikawa kimya mpaka mjusi akahamia kwenye kiti cha wagonjwa.

Na baada ya muda matokeo yakaanza kuonekana. Mimba zisizotarajiwa, moja baada ya nyingine. Mmoja wa waliopata alikuwa Asteria, jirani yake Generoza, nyumba zao zinatazamana. Mama wa watoto watano, mwenye ulimi wa moto.

Nikaona kukaa ofisini na kulalamika kuhusu ujinga wa watu hakutaniletea mtu hata mmoja. Na kwa kweli hawakuwa wajinga. Waliona mwenzao amebebwa amelala, wakajilinda kwa habari waliyokuwa nayo. Kama sisi hatukuwapa habari kamili, ya nani wangetumia? Nikaomba ruhusa niongee siku ya kliniki ya watoto, kina mama wanapokusanyika kupima uzito. Nikamwomba Generoza aje. Alikuja pole pole, Filbert akisukuma baiskeli pembeni yake, hamruhusu hata kubeba kikapu.

Nilisimama mbele yao. Nikaona sura za watu wanaosubiri kudanganywa.

"Nitaanza na ukweli mbaya," nikasema. "Ni kweli, vidonge vya majira vinaweza kumdhuru moyo mwanamke fulani."

Kelele ikaanza. Wengine wakaguna, mmoja akapiga makofi ya kejeli. Nilingoja watulie.

"Mwanamke huyo ni mwenye presha ya juu. Ni anayevuta tumbaku na umri umekwenda. Ni ambaye damu imewahi kumganda mguuni, au kichwa kinamuuma upande mmoja huku anaona mwanga unametameta machoni. Ni mwenye ugonjwa wa moyo tayari. Huyo asimeze vya homoni mbili, na njia nyingine zipo. Asiye na hayo, presha yake ikipimwa na kurudiwa kupimwa, hatari yake ni ndogo sana, ndogo kuliko ya kubeba mimba yenyewe."

Asteria akasimama. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mama nesi, mimi nilikuwa nakuja kwako kila mara. Ulinipima. Mimi nilikuwa wa kundi gani?"

Nilijua jibu, na nilijua litamuuma. Lakini nilikuwa nimeahidi ukweli.

"Presha yako ilikuwa nzuri kila nilipopima, Asteria. Huvuti. Vidonge vilikufaa."

Akajishika tumbo. Akasema, "Kwa hiyo nimebeba mimba ya bure. Mimba ya maneno ya watu." Akakaa chini na kufunika uso kwa khanga.

Generoza ndiye aliyeinuka. Alienda akakaa chini kando yake, begani kwa bega, wakazungumza Kirundi kwa sauti ya chini. Sikusikia yote. Halafu akageuka kwetu na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo bado haikuwa na nguvu:

"Mimi sikuumwa kwa sababu nesi alinipima. Niliumwa kwa sababu sikupimwa mapema. Nilikuwa nameza kitu cha dukani bila kumuuliza mtu yeyote, na nasokota kila siku nikijificha. Presha sikuijua. Kama mngetaka kumlaumu mtu, mngeniuliza mimi kwanza, nipo hai, nyumba yangu mnaijua."

Nikatoa mashine mezani nikasema anayetaka kupimwa aje. Hakuja mtu. Kila mmoja anamwangalia mwenzake. Ndipo Filbert, aliyekuwa amesimama nyuma na wanaume wachache, akapita katikati ya kina mama, akaketi, akanyoosha mkono.

"Nianze mimi," akasema, "muone kwamba haiumi. Halafu muache uoga."

Nikampumzisha, nikapima. Nikarudia. Nikainama nimnong'oneze, lakini yeye hakuwa mtu wa siri.

"Ngapi?" akauliza kwa sauti. "Sema tu."

"Ni ya juu, shemeji. Kuliko hata ya mke wako ya sasa."

Filbert akaruka. "Ya juu? Mimi? Mimi sijawahi kumeza majira hata kimoja!"

Kina mama wakacheka, wakacheka mpaka watoto walio mgongoni wakaamka. Hata Asteria alitoa uso kwenye khanga akacheka huku machozi hayajakauka. Na baada ya kicheko kile foleni ikajipanga yenyewe. Nilipima mpaka mkono ukaniuma. Niliwapata kadhaa wenye presha ya juu ambao hawakujua, na miongoni mwao kuna waliokuwa wanajinunulia vidonge dukani. Hao niliwabadilishia njia siku zile zile na kuwaanzisha kliniki. Sijui ni Generoza wangapi niliwazuia. Lakini najua niliwazuia.

Mkinielewa vizuri, sijawaambia muogope dawa. Sasa hivi vidonge vyenyewe vimepunguzwa nguvu kuliko tulivyoanza navyo, na aina ni nyingi. Kuna hata vya homoni moja tu ambavyo wengi wenye matatizo haya wanaweza kuvitumia. Vijiti vipo, kitanzi kipo. Kazi yako wewe uliye kwenye kiti cha nesi ni kumjua aliye mbele yako kabla hujafungua kabati. Na wewe binti unayemeza, kifua kikibana, pumzi ikikata, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kichwa kikikupiga ghafla kuliko siku zote, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri kliniki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo.

Asteria alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilikuwepo. Alipomaliza kumnyonyesha na kumwachisha, alirudi chumbani kwangu, akakaa, akavua sweta bila kuambiwa, akaweka mkono mezani. Presha ilikuwa nzuri. Nikamwuliza safari hii anataka njia gani.

"Vile vile vyangu," akasema. "Vilinifaa, ulisema mbele ya watu."

"Hutaki kitanzi kama Generoza?"

"Cha Generoza ni cha Generoza. Mimi sina moyo wake."

Generoza aliacha tumbaku zote mbili, ya kuchambua na ya kusokota. Ile ya kusokota ilimsumbua zaidi. Alianguka na kuinuka mara nyingi, Filbert akimvumilia. Siku hizi analima maharage na karanga, hapandishi mizigo kilimani, na dawa zake za presha anameza asubuhi pamoja na mume wake, wakiwa wamekaa meza moja kama watu wanaokunywa chai.

Mwaka huu walikuja mjini kupimwa, wakapita kunisalimia. Filbert nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwuliza presha yake imesomaje. Akatazama pembeni. Generoza ndiye aliyejibu, amenyoosha shingo kama aliyeshinda mbio.

"Yangu imeshuka kuliko yake, mama nesi. Tumekubaliana wa juu abebe kikapu, na leo ni yeye."

Na kweli, kilikuwa kichwani kwa Filbert.